Mwenye Swali la Moshi

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime. Hadithi hii imekuja bila mkia. Mkia mtaushona wenyewe.

Palikuwa na wasichana watatu wa Kidato cha Tatu katika shule moja ya kata, kule juu kwenye milima ya pareto na viazi, ambako mwezi wa saba umande hugeuka barafu na bomba hugoma kutoa maji mpaka jua lilibembeleze. Kila mmoja alikuwa na kipaji chake, na hakuna hata kimoja kilichowahi kuandikwa kwenye ripoti ya shule.

Luseko alikuwa na jicho. Vitu ambavyo wenzake walivipita kila siku, yeye alisimama akavitazama. Ndiye aliyewaambia kwamba kinyonga wa kwenye ua wa shule huamka mweusi na mchana huwa wa kijani. Wakacheka, wakaenda kumtazama, wakaacha kucheka. Lakini alichokiona Luseko alikisema kwa Kiswahili, na shule ile Kiswahili kilikuwa kosa. Kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba, na anayekutwa akisema Kiswahili darasani alivishwa shingoni mpaka apatikane mkosaji mwingine. Luseko alikivaa mpaka kamba ikamchora shingo. Mwishowe akanyamaza. Very good, shule ikasema, nidhamu imepanda.

Tusekile alikuwa na ulimi. Kiingereza alikiokota kwenye redio ya bibi yake, na kikamkaa mdomoni kama cha kuzaliwa nacho. Ukimpa maneno yaliyovurugika kama uzi uliochezewa na paka, alikurudishia sentensi. Hata Mkuu wa shule alipokosea past tense, macho ya darasa zima yalimwendea Tusekile, naye kwa adabu akatazama dari.

Osmunda alikuwa na shingo. Jicho lake lilitosha kuona ubao, Kiingereza chake kilitosha kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Lakini shingo ile haikujua kuinama. Mwalimu akisema, "Nani amecheka?" darasa zima lilichunguza madaftari, yeye akamtazama mwalimu usoni. Mara nyingi hata hakuwa yeye aliyecheka.

Na palikuwa na mwalimu, Ezekia Tweve, wa kujitolea. Neno tamu hilo, kujitolea! Maana yake ni kijana mwenye digrii ya sayansi na ualimu. Ameilaminisha isilowe, ameipakia kwenye kila tovuti inayopokea maombi, na kila tovuti imemjibu we regret. Nchi inalia haina walimu wa sayansi, walimu wa sayansi wanalia hawana kazi, na vilio hivyo viwili havijawahi kukutana. Basi Ezekia akarudi kijijini kwao, akaomba afundishe bure kuliko kukaa barazani akihesabiwa na majirani. Wazazi wakampa viazi. Mmoja akampa kuku mwekundu, na huyo kuku ndiye aliyekuwa mshahara wake.

Maabara shuleni hapo ilikuwa chumba chenye neno LABORATORY mlangoni na magunia ya mahindi ndani. Ezekia akaona isiwe tabu. Akanunua bakuli la plastiki, akaliweka mezani.

"Kila Ijumaa," akawaambia, "kila mtu atumbukize swali. Siyo jibu, majibu mmeshakariri ya kutosha. Swali. Kitu ulichokiona nyumbani, shambani, jikoni, kikakukera kwa kuwa hukijui. Tutachota, na hilo ndilo litakuwa somo letu."

"Tuandike jina, mwalimu?"

"Marufuku. Swali likishaingia humu ni la darasa. Hakuna wa kumcheka, kwa sababu hakuna mwenyewe."

"Na Kiswahili je?"

Hapo Ezekia akashusha pumzi. Mkuu alikuwa amesema kila kitu kiwe kwa Kiingereza, full stop. "Andikeni Kiingereza," akasema. "Kibovu kinaruhusiwa."

Ijumaa za mwanzo bakuli lilitoa karatasi zilizoandikwa *Define matter*. Kisha, polepole, likaanza kutoa vitu vya kweli. Kwa nini maziwa hufurika na maji hayafuriki? Kwa nini kiazi kilichochungulia jua huwa kijani? Watoto waliokuwa wakisinzia kwenye kemia wakaanza kugombea viti vya mbele.

Sasa, habari ya jiko.

Kulala na jiko bwenini kulikatazwa. Kuganda kwa baridi hakukukatazwa, ingawa nako kulikuwepo. Kwa hiyo wasichana walifanya kama wafanyavyo mama zao, na matroni, na mke wa Mkuu wa shule pia. Mkaa huwashwa nje, hupepewa, husubiriwa mpaka ukolee wote mwekundu na moshi uishe. Mmoja huchungulia dirishani.

"Limekata?"

"Limekata."

"Haya, lete ndani."

Kila mtu milima ile anajua kwamba jiko linaloua ni lenye moshi. Likishakata moshi ni rafiki. Madirisha hufungwa ili joto lisitoroke.

Luseko ndiye aliyeona. Jikoni kwa mama yake, kwenye kuni, moshi ulijaa mpaka macho yakachuruzika, lakini kichwa hakikumuuma. Bwenini, kwenye mkaa safi usio na hata uzi wa moshi, aliamka kichwa kikigonga kama kinatwangwa, na wenzake wakitapika. Siku waliposahau dirisha wazi, hawakuumwa. Akalitazama jambo hilo asubuhi baada ya asubuhi. Wenzake walisema ni njaa, ni mwezi, ni uchawi wa mpishi. Luseko akamnong'oneza Tusekile wakiwa bombani, mbali na masikio ya wenye kibao: "Dada, hili jiko likikata moshi, ndipo kichwa kinapoanza."

Tusekile ndiye aliyeuliza. Alichoambiwa hakikuwa swali, kilikuwa malalamiko, na malalamiko kila mtu alikuwa nayo. Akakizungusha kichwani siku nzima mpaka akaona mahali kilipopasuka, ndipo akaandika, bila jina, kama sheria ilivyotaka: *When the smoke is finished, where has it gone, and what is it that stays in the room and beats our heads?* Moshi ukikata umeenda wapi, na kinachobaki chumbani kikitupiga vichwa ni nini? Akamsomea Luseko. Luseko akasema, "Ndiyo hicho! Ndicho nilichokuwa nacho hapa," akajigusa koo. Karatasi ikaingia bakulini.

Ijumaa hiyo Mkuu akapita kukagua, na kwa kuwa wakubwa hupenda kuchota, akachota yeye. Akaisoma kimya, kisha akairudia kwa sauti. Masikio yake yakabadilika rangi.

"In the room," akasema. "Which room? Kwa hiyo mnalala na majiko!" Akaipeperusha ile karatasi. "Nani mwenye swali hili?"

Nzi alisikika.

Ezekia akasimama. "Mkuu, samahani. Utaratibu wetu maswali hayana mwenyewe. Swali ni la darasa."

"Darasa halichapwi, Bwana Tweve. Anachapwa mtu. Na wewe kaa chini, hata mwenyewe hujaajiriwa." Akaligeukia darasa. "Nitaanza safu ya mbele mpaka ya nyuma. Nauliza mara ya mwisho, nani mwenye swali?"

Osmunda ndiye aliyesimama. Hakuliona jambo lile, hakuliandika, na kwa kweli alilisikia mara ya kwanza pamoja na nyie mnaosikia sasa. Alimwona tu Luseko, ambaye asubuhi hiyo alikuwa ametapika, ameshikilia dawati asianguke.

"Mimi," akasema.

"Wewe! Unajua hata ulichoandika?"

"Nimeuliza moshi ukikata unaenda wapi, Mkuu. Na bado sijajibiwa."

Mkuu hakujibu kwa kemia. Alijibu kwa fimbo, mbele ya wote, kisha akamwandikia arudi nyumbani mpaka aitwe. Osmunda akachukua begi lake, akashuka mlima bila kuinama, na baba yake akampokea kwa kumkabidhi jembe.

Karatasi ilichanwa. Lakini swali likishaulizwa hulirudishi bakulini. Kipindi kilichofuata Ezekia alikuja na kuku wake mwekundu kapuni. Akawasha jiko nje ya ile LABORATORY, akapepea mpaka likakata moshi kabisa, akaliingiza pamoja na kapu kwenye chumba kidogo cha ndani chenye dirisha la kioo, akafunga, na darasa zima likabanana kwenye kioo.

Hapakuwa na moshi. Kuku alitembea, akadonoa punje ya mahindi. Kisha akakaa, kama anayesinzia. Kisha kichwa kikalala ubavuni.

"Amelala, mwalimu?"

"Hapana," Ezekia akasema, na sauti yake haikuwa nzuri.

Akawaeleza. Kuna hewa inayotoka kwenye mkaa, haina rangi, haina harufu. Kaboni monoksidi. Inaingia kwenye damu na kukalia kiti cha oksijeni, na haiondoki kirahisi. Kukata moshi siyo kukata hewa hiyo. Aliyeingiwa nayo hashtuki, anasinzia. Anapaswa kutolewa nje upesi, kwenye upepo, na anayeingia kumtoa afungue kwanza milango na madirisha, asije naye akasinzia. Yote hayo aliyasema kwa Kiswahili, na siku hiyo hakuna aliyekumbuka kibao.

Majiko yakatoka bweni la Kidato cha Tatu. Kidato cha Kwanza hawakumwona kuku.

Baridi kali ilipokuja, asubuhi moja kengele ya usafi ikalia na bweni la wadogo likabaki kimya. Matroni akadhani ni uvivu, akaenda kutafuta fimbo. Wasichana wa Kidato cha Tatu walikuwa wanapita na mafagio. Mmoja akaupapasa ukuta, akausikia una joto. Akapiga kelele neno moja tu:

"Kuku!"

Neno hilo likatosha. Hakuna aliyeuliza kuku gani. Mafagio yakapasua vioo, mlango ukang'olewa, watoto wakaburutwa kwa mikono na miguu mpaka kwenye nyasi zenye barafu. Wote waliamka. Mmoja mpaka leo akisimama haraka hushika ukuta, lakini waliamka wote. Ukimuuliza Luseko, atasema aliyepiga kelele alikuwa Tusekile. Tusekile atasema alikuwa Luseko.

Habari ikavuka milima. Wakubwa wakaja na magari na kamera, na Mkuu wa shule akasimama mbele ya kamera akasema, "Hapa kwetu siku zote tunahimiza watoto kuuliza." Mungu anasikia mengi. Osmunda aliitwa arudi siku iyo hiyo, maana kamera zingeweza kuuliza yuko wapi.

Kisha akaja mama mmoja wa shirika la ufadhili, mpole, asiye na majivuno. Akasema wana nafasi moja katika shule ya sayansi ya wasichana, yenye maabara isiyo na mahindi, hadi kumaliza Kidato cha Sita na kuendelea mbele. "Tumeamua tumpe mwenye swali," akasema. "Nitarudi Jumatatu, mwalimu wake anitajie jina."

Ezekia akasimama kama siku ile. "Mama, swali lile ni la darasa."

Mgeni akatabasamu kwa huzuni. "Najua unachomaanisha. Lakini darasa halisomeshwi, mwalimu. Anasomeshwa mtu."

Tangu shule ile ijengwe hajatoka mtoto hata mmoja kwenda kusoma sayansi Kidato cha Tano. Mama yake Luseko ameshasema mwaka ukiisha binti arudi kwenye pareto. Bibi yake Tusekile, anayemlea peke yake, haoni tena, na redio ndiyo inayomwambia kumekucha. Baba yake Osmunda lile jembe hajalirudisha ndani, ameliegemeza mlangoni.

Jumamosi wasichana wale watatu, waliokuwa wakila sahani moja, walikuja kwa Ezekia kila mmoja kwa njia yake, wakakutana mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Ingieni. Semeni."

Luseko ndiye aliyeanza, yeye aliyezoea kunyamaza. "Kichwa kilichouma ni changu, mwalimu. Wengine walisema ni mwezi. Mimi ndiye niliyeona. Kuandika, mtu yeyote angeniandikia."

"Yeyote nani?" Tusekile akageuka. "Vichwa viliwauma wote! Kuumwa siyo kuuliza. Ulikuja na manung'uniko kama ya bweni zima, mimi nikakupa swali. Bila swali lile ungekuwa unaumwa mpaka leo kimyakimya, na kibao chako shingoni."

Neno hilo la kibao lilimpata Luseko kama kofi. Tusekile aliliona, lakini lilikuwa limeshatoka.

"Mmemaliza?" Osmunda akauliza. Alikuwa ameegemea mlango. "Haya. Alipoulizwa mwenye swali na mtu mwenye fimbo, mlikuwa wapi? Wote wawili mlikuwepo. Niliwaona visogo."

"Hatukukutuma usimame," Tusekile akasema kwa sauti ya chini.

"Kweli hamkunituma."

"Na siku tulipowatoa watoto hukuwepo."

"Sikuwepo! Nilikuwa shambani, nimefukuzwa kwa ajili ya swali lako. Kama nisingesimama Mkuu angelichana likaisha, nani angemkumbuka kuku? Au basi mwenye swali ni kuku, tumpe yeye hiyo scholarship. Yeye ametoa roho, hadai kitu."

Luseko akacheka bila kutaka, kisha akalia. Walipokuwa wanatoka, Ezekia akamzuia Osmunda. "Jumatatu nisipotaja jina, utasimama tena?"

"Nilishasimama mara moja, mwalimu," Osmunda akasema. "Safari hii anisimamishe mtu."

Ezekia akakaa peke yake na lile bakuli. Ijumaa iliyotangulia, habari za ile nafasi ya masomo zilipokwisha kuenea, alikuwa ameliinamisha mezani kama kawaida. Kila karatasi ilikuwa na jina. Jina la kwanza, la kati na la ukoo, kwa herufi kubwa, yamepigiwa mstari. Na chini ya majina hayo, maswali yalikuwa yamerudi kuwa *Define matter*.

Sasa ni Jumatatu. Shule imepangwa mistari uwanjani, barafu haijayeyuka kwenye nyasi zile zile walikolazwa watoto. Mkuu amevaa tai. Mgeni ameshika kipaza sauti, na kwa sauti ya upole, bila kujua ni maneno ya nani anayarudia, anauliza:

"Nani mwenye swali?"

Nzi wangekuwepo wangesikika, ila baridi imewaua. Luseko anatazama kinyonga mweusi kwenye ua. Tusekile anatazama juu, lakini hapa hapana dari. Osmunda ametazama mbele, shingo wima, na miguu yake haisogei. Shule nzima imemgeukia Ezekia Tweve, mtu asiyeajiriwa, ambaye leo hii ameajiriwa kwa dakika moja.

Anajua akimtaja Luseko, wote watajifunza kwamba kuona kunatosha, hata ukiona ukanyamaza mwenzako akichapwa. Akimtaja Tusekile, watajifunza kwamba mwenye Kiingereza ndiye mwenye kila kitu, na hilo shule imeshawafundisha vya kutosha. Akimtaja Osmunda, watajifunza kusimamia kitu wasichokijua, nao watu wa namna hiyo tunao tele majukwaani. Akinyamaza, gari la mgeni litawashwa, na nafasi itashuka mlima kwenda shule nyingine.

Mdomo wake umefunguka. Jina bado halijatoka.

Haya, ninyi mnaotikisa vichwa hapo: aliyeona, aliyeuliza, au aliyesimama? Mngemtaja nani, na wale wawili mngewaambia nini? Semeni upesi, mgeni anasubiri. Ila msijibu kwamba swali ni la darasa. Jibu hilo limeshakataliwa mara mbili.